Ndege wa Mida

Msomaji kijana, ukimwona mtu mzima, mwenye kazi yake na heshima yake, amesimama peke yake alfajiri kando ya matope, darubini i machoni, hasemi wala hasogei, utamdhania nini? Watu wa kijiji nilichopelekwa kufundisha walinidhania mambo mengi. Wengine walisema nimetumwa kupima ardhi ili wao wahamishwe. Na katika pwani yetu, ambako watu wengi huzaliwa na kuzikwa katika mashamba yasiyo na hati, dhana hiyo si ya kuchekwa. Wengine walisema natafuta hazina iliyofukiwa na Wareno. Mzee mmoja, aliyekuwa na huruma kuliko wote, aliniuliza taratibu kama nimefiwa. Nilipomjibu kwamba natazama ndege tu, alitikisa kichwa akasema, "Afadhali ungekuwa unapima ardhi, mwalimu. Hilo tungalielewa."

Naam, natazama ndege. Nimefanya hivyo kwa zaidi ya miaka kumi sasa, wala sioni haya kusema kwamba katika kazi hiyo isiyo na mshahara nimechuma imani, tumaini na wema mwingi kuliko nilivyochuma katika vitabu vya ualimu nilivyosomeshwa chuoni. Sivitukani vitabu hivyo, maana vilinipa riziki yangu. Lakini havikunizuia kumtendea mtoto mmoja jambo ambalo hata leo, likinijia usiku, hunigeuza ubavu. Jambo hilo nitakusimulia, kwani bila hilo habari yangu ya ndege ingekuwa porojo. Ila kwanza nipe nafasi nikueleze nilivyoanza.

Katika likizo yangu ya mwisho chuoni nilikuwa Nairobi kwa ndugu yangu. Rafiki yangu mmoja alinichukua siku ya Jumatano asubuhi mpaka makumbusho ya taifa, mahali ambapo Bi Fleur Ng'weno alianzisha, mwaka 1971, desturi ya kukutanisha watu kila Jumatano kwenda kutazama ndege. Nilikwenda kwa kumridhisha rafiki tu. Nchi yetu ina aina za ndege zaidi ya 1,000, na mimi, nusura niwe mwalimu mwenye cheti, nilizijua tano, na mmoja katika hao watano alikuwa kuku. Tulisimamishwa mbele ya kichaka kimoja karibu robo saa. Nilikuwa nikijiuliza nani alinituma, mara akatokea ndege mdogo akasimama juu ya tawi: kichwa cheusi, kifua cha kijivu, na chini ya mkia manjano kama ya kiini cha yai. Nikauliza kwa mshangao ndege huyu mzuri ametoka nchi gani. Watu wakacheka bila ubaya. Alikuwa shore, ndege aliyelia kila asubuhi nje ya dirisha la mama yangu tangu siku niliyozaliwa.

Siku hiyo nilitambua kwamba macho yanaweza kukaa wazi miaka ishirini na zaidi yasione. Nikanunua darubini kuukuu, kioo chake kimoja kina ufa, na daftari.

Mwaka 2014 nilipewa shule katika kaunti ya Kilifi, ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke. Mimi ni mtu wa bara, na pwani ilinipokea kwa joto lake na kwa upole wake. Msitu huo una eneo la kilomita za mraba 420 hivi, nao ni masalio ya misitu iliyokuwa imeenea pwani ya Afrika Mashariki zamani. Ndani yake yumo bundi mdogo ambaye wataalamu hawakumjua mpaka mwaka 1965. Urefu wake ni kama sentimita 16. Akitua kiganjani mwako, kiganja kingemtosha. Wewe wajua jinsi bundi anavyochukiwa kwetu. Akilia juu ya paa, watu huanza kuhesabu wagonjwa wao, na asubuhi watoto huokota mawe. Hata mimi, pamoja na elimu yangu, sauti ya bundi ilikuwa ikinisimamisha nywele. Basi kiongozi mmoja wa wageni msituni alinipeleka siku moja mchana, tukatambaa chini ya miiba katika udongo mwekundu, akanionyesha wawili wamekaa tawi moja, bega kwa bega, macho wamefumba. Nilitafuta uchuro nyusoni mwao nikaona usingizi tu. Tangu siku hiyo sijamwinulia bundi jiwe, wala sijamwacha mwanafunzi amwinulie nikiwapo.

Lakini huyo hakuwa ndege aliyenifunza imani. Aliyenifunza ni mnana mmoja, wa jamaa ya wale wanaofuma viota, ambao wengine huwaita kwera. Dume lake lina kichwa cheusi na mgongo mweusi, tumbo la manjano. Hukaa katika vilele vya mirihi, kundi zima likipita kama upepo, na kabla hujaweka darubini sawa limekwisha kwenda. Jina lake la kitaalamu liliandikwa mwaka 1913, naye haonekani mahali pengine popote duniani ila katika kaunti hii ya Kilifi. Sasa sikiliza ajabu yake. Mnana ni fundi wa viota. Viota vyake huning'inia mitini kila mahali, hata mtoto mdogo huvijua. Lakini kiota cha mnana huyu hakuna mtaalamu aliyekiona. Kila mwaka, majira ya mvua yakikaribia, makundi hutoweka msituni, na baadaye hurudi yakiwa na makinda yaliyokwisha kuota mabawa. Yametagwa wapi? Yamelelewa wapi? Watu walitafuta, wakazeeka, wakafa, wengine wakashika nafasi zao wakatafuta.

Kiota kilionekana mwezi wa Machi mwaka 2013. Hakikuwa msituni kabisa. Kilikuwa kaskazini, ng'ambo ya mto Sabaki, katika nchi ya Dakatcha, ndani ya kinamasi kinachojaa wakati wa mvua, kimefumwa katika majani ya ndago chini chini, karibu kuguswa na maji. Watafutaji walikuwa wametazama juu ya miti miaka mia, na ndege yuko chini, majini. Waliokipata walikuwamo watu wa Dakatcha wenyewe, walioungana na wapenzi wa ndege wengine kuilinda nchi yao. Na nchi hiyo inahitaji ulinzi, maana miti yake hukatwa kwa makaa na mashamba.

Mimi nilifika pwani mwaka uliofuata, habari hii ikiwa bado mpya midomoni mwa watu. Niliipenda sana. Nilidhani naipenda kwa sababu ya wale waliotafuta bila kukata tamaa, kwamba mtu aweza kuwa na hakika ya kitu asichokiona kwa sababu tu ameona makinda yake. Hii ndiyo imani, nikajiambia, nikaiandika katika daftari kwa wino mwekundu. Sikujua kwamba habari hiyo ilikuwa na upande mwingine wa kunihukumu.

Karibu na kijiji chetu bahari imeingia ndani ya nchi ikafanya hori ya Mida, imezungukwa na mikoko pande zote. Huko ndiko nilikokwenda kila Jumamosi. Mtu wa bara hudhani bahari ni maji yaliyotulia mahali pake. Wavuvi walinifundisha kwamba bahari ina saa yake: maji hujaa na kupwa mara mbili kwa kutwa, na kila siku huchelewa karibu dakika 50 kuliko siku iliyotangulia. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua, maji yakajaa sana na kutoka sana. Na mwezi ukiwa nusu huwa maji mafu, yasiyojaa sana wala kutoka sana. Mtazama ndege asiyejua haya hupoteza safari. Maji yakitoka sana, ndege hutawanyika mbali katika matope wakawa nukta tu. Yakianza kujaa, husukumwa polepole mpaka karibu nawe. Kwa hiyo niliandika katika daftari langu, kwa kila siku ya mwaka, saa ya kupwa na saa ya kujaa. Siku nisizokwenda niliziandika vilevile, kwa tabia ya ualimu tu, ya kutotaka kuacha mstari mtupu. Kumbuka daftari hilo.

Ndege wa Mida ni wasafiri. Kuna kitwitwi mmoja, uzito wake gramu 60 hivi, ambaye huzaliwa kaskazini kabisa ya Siberia, nchi ya barafu, akaruka zaidi ya kilomita 8,000 kuja kula vijidudu vya matope yetu. Mwezi wa Aprili ukifika hunenepa, manyoya yake ya kijivu hubadilika yakawa mekundu kama kutu, na asubuhi moja hayupo. Mara ya kwanza nilihuzunika, nikatazama matope matupu kama mtu aliyesindikiza ndugu kituoni. Baadaye nilizoea kungoja. Mwezi wa Agosti nilikwenda, nikamkuta. Hakuna aliyemwandikia barua ya kumwita.

Yuko na mwingine nimpendaye zaidi, mweupe na mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene mweusi kama wa kupasulia nazi. Chakula chake kikubwa ni kaa, nami nitamwita ndege wa kaa. Hutaga katika visiwa na fukwe za joto za Uarabuni, pande za Bahari ya Shamu na Ghuba, Oman ikiwamo. Mayai ya ndege wengi wa pwani huwekwa juu ya mchanga. Yeye huchimba shimo refu mchangani kama panya, akataga yai moja tu, jeupe, ndani ya kivuli. Zamani majahazi ya Oman yalikuja kwetu kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Majahazi yamekwisha, ndege huyu bado husafiri njia ya wenyewe. Na jambo moja la kushangaza: kinda lake halijitegemei upesi. Hata baada ya kuvuka bahari yote ile kwa mabawa yake lenyewe, hufika Mida likaendelea kulishwa. Utaliona limeinama nyuma ya mzazi, la kijivu, linalia kwa sauti ya kuomba, na mzazi huvunja kaa akampa.

Sasa nimefika kwa yule mtoto. Jina lake sitalitaja. Alikuwa mwanafunzi wangu wa darasa la saba mwaka 2016, mrefu, mwenye maneno machache. Kosa lake lilikuwa kuchelewa. Na kuchelewa kwake kulikuwa kwa namna ya kuudhi, kwa kuwa hakukuwa na kanuni. Wiki moja angechelewa siku nne mfululizo. Wiki iliyofuata angewahi kabla ya kengele, kisha akalala juu ya dawati mpaka mate yanamtoka. Nilimwonya, nikampa adhabu ya kufagia, nikaandika barua kwao isiyojibiwa. Nilimwona kama mtu anayenichezea kwa makusudi.

Siku moja ya Februari aliingia somo la kwanza limekwisha nusu, miguu ina matope makavu mpaka magotini. Niliyadhania matope ya mchezo. "Umeamka saa ngapi?" nikamwuliza.

"Saa tisa, mwalimu."

Darasa zima lilicheka, nami nikaona nimedhihakiwa. Nikamwambia, kwa sauti ile ya utulivu ambayo walimu huitumia wakitaka kuumiza, "Dawati lako lina faida kuliko wewe. Lenyewe halichelewi, wala halilali." Darasa likacheka tena, zaidi. Nakiri kwako, msomaji, niliona fahari kwa kicheko hicho. Mtoto hakulia. Alinitazama kidogo, akakaa, akafungua kitabu. Kesho yake hakuja. Wiki ikapita, ya pili, ya tatu. Katika rejista nilikuwa nikimwandikia alama ya kutokuwapo kwa mkono mwepesi, na moyoni nikisema, kama watu wengi wasemavyo juu ya wale waliowafukuza, kwamba amejifukuza mwenyewe.

Jumamosi moja ya Machi nilifika Mida mapema kuliko nilivyopaswa, kabla ya jua. Zilikuwa siku zinazofuata maji mafu; maji yalikuwa yamepwa alfajiri hiyo, na ndege wa kaa kama ishirini walikuwa karibu, pamoja na kinda moja likiombaomba. Nikasimama chini ya mkoko, nikaweka darubini machoni. Nilipokuwa nikimfuata mzazi mmoja na kaa mdomoni mwake, mtu akaingia katika duara la darubini. Alikuwa mtoto, amezama matope mpaka magotini, anainua malema kutoka ukingo wa mkondo, anatikisa, anatoa samaki wachache, anayarudisha. Alikuwa yeye.

Nilichokiona baada ya hapo sijakisahau. Alipomaliza alijitwika kikapu kichwani akaanza kurudi nchi kavu. Njia fupi ilikuwa kupita pale walipokuwa ndege. Alikuwa peke yake, amechoka, hajui kwamba anatazamwa na mtu yeyote. Akasimama. Akawaangalia. Kisha akageuka upande, akawazunguka kwa mbali, akipitia matope mazito zaidi, labda hatua mia za ziada na kikapu kichwani. Hakuna ndege hata mmoja aliyeinua bawa.

Desturi ya mwalimu ingenituma nimwite kwa sauti. Lakini mkono ulikuwa bado umeshika darubini, na mazoea ya darubini yakanishinda: nilisimama, nikanyamaza, nikangoja aje mwenyewe. Alipoinua macho akaniona alishtuka, akateremsha kikapu kama mwizi aliyeshikwa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kwa nini umewazunguka wale ndege?"

Nadhani alitarajia swali jingine. Akatazama nyuma yake, akasema, "Wanakula, mwalimu. Mtu akila hafukuzwi."

Nikakaa juu ya mzizi wa mkoko, naye akakaa mbali kidogo. Sikumwuliza mengi. Nilikuwa nimejifunza kwamba ukimkodolea ndege macho huruka, na ukijifanya unatazama pengine husogea. Tukatazama ndege. Kidogo kidogo maneno yakatoka. Baba yake alikuwa mvuvi. Tangu mwezi wa Novemba alikuwa amelala ndani, upande mmoja wa mwili umekufa. Malema yalikuwa ya baba, na malema yasipotazamwa huibwa au huoza. Wadogo zake walikuwa watatu. Mama yake aliuza samaki hao barabarani. Basi maji yalipopwa, mchana au usiku, mtoto huyu alikwenda.

"Na wale ndege," akasema, "baba husema wametoka Uarabuni. Ni kweli, mwalimu, au ni hadithi?"

Nikamwambia ni kweli. Nikamweleza habari ya shimo mchangani na yai moja. Akasikiliza kwa macho ambayo sijapata kuyaona darasani kwangu. Akanyanyua kikapu, akaaga, akaenda zake.

Usiku ule niliweka mezani vitu viwili, rejista ya shule na daftari langu la ndege. Nikaanza kulinganisha tarehe. Siku alizochelewa: katika daftari langu, maji yalipwa alfajiri. Siku alizowahi akalala juu ya dawati: bamvua, maji yalipwa saa nne usiku na saa tano, naye alikuwa amekesha majini. Siku ile ya Februari, siku ya dawati, nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe kwamba maji yangepwa karibu saa kumi na moja alfajiri. Aliamka saa tisa. Hakunidhihaki. Lile jambo nililoliita halina kanuni lilikuwa na kanuni kubwa kuliko kengele ya shule, nami nilikuwa nimeliandika mstari kwa mstari mwaka mzima bila kujua kwamba naandika maisha ya mwanafunzi wangu.

Nikakumbuka mnana wa Dakatcha na wino wangu mwekundu. Wataalamu walimjua ndege yule miaka mia bila kuona kwake. Lakini wao walitafuta. Mimi nilimjua mtoto huyu mwaka na zaidi, nyumba yao iko mwendo wa dakika arobaini kwa miguu, na sikuwa nimetafuta hata siku moja.

Jumatatu nilisimama mbele ya darasa la saba. Nilikuwa nimemtukana mbele ya watu, kwa hiyo haikufaa kumwomba radhi gizani. Nikasema kwamba maneno niliyomwambia mwenzao yalikuwa maovu, na ya uongo pia, na kwamba namwomba msamaha. Dawati lake lilikuwa tupu, na nililiambia dawati hilo, maana hakukuwa na mwingine wa kuambiwa. Hapakuwa na kicheko. Msichana mmoja alitazama nje ya dirisha kama aliyeona haya kwa niaba yangu. Ni jambo gumu kwa mwalimu, na wale wanaosema kwamba humpunguzia heshima mbele ya wanafunzi hawasemi uongo wote: kwa siku mbili tatu nilihisi nimevuliwa nguo.

Mtoto alirudi siku ya Alhamisi. Ningependa kukuambia kwamba maneno yangu yalimfikia yakamrudisha. Huenda. Lakini nilipotazama daftari niliona kwamba kufikia Alhamisi hiyo maji yalikuwa yamesogea mpaka saa nne asubuhi na saa nne usiku, na asubuhi zake zilikuwa huru. Sijui kama alirudi kwa ajili yangu au kwa ajili ya mwezi, wala sikumwuliza.

Baada ya hapo mwalimu mkuu alikubali mpango wetu. Nilibandika ndani ya jalada la rejista saa za kupwa kwa mwezi mzima. Siku za maji ya alfajiri aliingia akichelewa, bila kuulizwa, na yule msichana aliyetazama nje ya dirisha akawa amemnakilia somo. Siku za bamvua aliruhusiwa kulala kipindi cha kwanza. Walimu wengine walilalamika, na haki yao, kwani mtoto anayelala darasani kwa ruhusa ni mfano mgumu kuwaeleza hamsini wengine. Baba yake hakuinuka tena. Tulimzika mwezi wa Juni. Ami yake akachukua sehemu ya malema. Mtihani wa KCPE wa mwaka 2017 aliufanya, na maksi zake hazikuwa za kutangazwa gazetini. Zilimtosha kuingia shule ya sekondari ya kutwa, akamaliza.

Leo ni kijana mkubwa, ana mashua ndogo, na huwapitisha wageni horini wakija. Mimi nimehamishwa shule, niko mbali kidogo na Mida, na Jumamosi zangu hazina nafasi kama zamani. Mwaka jana mwezi wa Agosti nilikuwa nasahihisha madaftari, simu ikalia.

"Mwalimu, wageni wamefika."

Nikaweka kalamu chini. "Wangapi?"

"Kumi na wanne. Yuko na mtoto mmoja, bado analishwa."

"Uko wapi?"

"Niko kwenye mashua. Nimezima mashine," akasema kwa sauti ya chini. "Nangoja wamalize kula, nipite."